Misumari Sita ya Upepo, Minne ya Mlima

Siku Janvier alipokuja kuwaambia watu wa mtaa wa Katoyi kwamba upepo unakuja, hakuna aliyethubutu kucheka kabla ya Kamate. Walimngoja yeye. Mapaa mengi ya upande ule ni Kamate aliyeyapigilia misumari, na kama maneno ya kijana yule yalikuja kumwaga unga wa mtu, basi unga ulikuwa wake.

Janvier Harelimana alikuwa kijana mwembamba wa shirika dogo la kupima mvua. Shati lilichomekwa vizuri, lakini viatu vilikuwa vimeliwa na mawe ya Goma kama vya watu wote. Alikuwa ametundika karatasi kubwa kwenye ukuta wa mbao wa kanisa, yenye mstari mwekundu uliokuwa unapanda tu, unapanda, mpaka ukingoni.

“Changement climatique, kubadilika kwa hali ya hewa, si hadithi ya wazungu,” alisema. “Mvua za siku zijazo zitakuwa na hasira kuliko zile mulizozoea. Na kwa mwezi huu wa kumi na moja tunatazamia upepo mkali. Wenye nyumba za mbao, nawaomba, pigeni misumari ya manjanja mpaka mwisho. Musiache hata mmoja umesimama.”

Shingo zote zikageuka. Huko Goma nyumba ya mbao haina thamani kubwa, mbao zinaoza, lakini manjanja, yale mabati yaliyo juu yake, ndiyo mali ya mtu. Mlima ukitema moto, mwenye akili anapanda juu, anang'oa manjanja yake, anayabeba kichwani na kukimbia. Kwa hiyo Kamate alikuwa na ufundi wake mwenyewe: msumari anauingiza nusu tu, chini ya kofia yake anaweka kipande cha mpira wa kandambili kuukuu ili bati lisipige kelele, na siku ya hatari unang'oka kwa mkono mmoja. Watu walimwita Papa Nusu, baba wa nusu. Hakuchukia, jina lilimlisha.

Kamate akasimama. Alikuwa mtu mpana, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliowatisha waliomfahamu.

“Muheshimiwa Janvier, minauliza kitu kidogo. Ile kule ni nini?”

Alikuwa ameelekeza kidole mlangoni. Nyiragongo ilionekana vizuri asubuhi ile, na moshi wake juu.

“Ni mulima, papa.”

“Aksanti. Mulima uko pale, hautembei, hauna pasipoti. Na una batu wake wa kuusikiliza na mamashini usiku na muchana. Siku ulipopasuka, mwaka ule wa ishirini na moja, walikuwa wametuambia nini mbele?”

Janvier akameza mate. “Hawakusema kitu, papa.”

“Na wiki ile ile waliposema unapasuka mara ya pili, moto uko chini ya ziwa, kila mutu atoke Goma. Ulipasuka?”

“Haukupasuka.”

“Ah bon. Sasa mulima uliokaa mahali pamoja umewashinda. Upepo, ambao hata kitanda hauna, wewe umeuona wapi? Na ile karatasi yako inafika mwaka gani?”

“Deux mille cinquante, elfu mbili na hamsini,” alisema Janvier, na sauti ilikuwa imeanza kupungua.

Hapo kanisa likapasuka kwa kicheko. Watu walipigana viganja. Léocadie, mjane aliyekuwa jirani wa mlango wa pili wa Kamate, akapaza sauti kutoka nyuma: “Na waasi je, papa Janvier? Bataingia Goma tarehe gani, tupike?” Kicheko kikaongezeka, ila kilikuwa na kitu ndani, maana tangu alfajiri mabomu yalikuwa yakisikika upande wa Sake, na nusu ya waliocheka walikuwa wamehifadhi ndugu waliokimbia.

“Ile sina mashini yake, mama,” Janvier akajibu, akaanza kukunja karatasi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Angèle, mke wa Kamate. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anautazama ule mstari mwekundu unavyokunjwa, na Kamate alipoona vile akajua kwamba hatalala kwa amani.

*

Angèle alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Sokoni alikuwa anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, na wateja walimpenda lakini walimwogopa, kwa sababu ukimwambia mtoto wako amepona atataka kujua dawa gani, ilitoka wapi, na ni nani alikuambia. Si umbea. Umbea una haraka ya kwenda kusema. Angèle alitaka tu kujua, na akishajua alinyamaza.

“Lakini wanajuaje?” alisema jioni, akiwa anapepea moto wa jiko la makaa.

“Nani?”

“Batu wa upepo.”

“Hawajue. Hawajue, Angèle! Nimemuuliza mbele ya batu wote na kijana mwenyewe amekubali.”

“Amekubali juu ya mulima. Juu ya upepo haukumuuliza.”

Kamate alivuta kiti akakaa. Juu yake manjanja yalikuwa meusi kwa moshi, na kila bati alilijua. Yalitoka Buhene, walikokaa kabla ya mlima kupasuka. Usiku wa moto alipanda juu ya nyumba yao ya kule, akayang'oa yote, majirani waliopiga misumari mpaka mwisho wakivuta na kulia, na alipomaliza kuyashusha mawe mekundu yalikuwa yamefika kwenye choo cha jirani. Nyumba iliungua. Paa lilipona. Tangu hapo hakuna mtu aliyemfundisha Kamate kitu juu ya misumari.

“Wewe unataka nipige misumari mpaka mwisho,” alisema. “Mulima ukija kesho?”

“Sijasema upige. Nimeuliza wanajuaje.”

“Nitakuambia wanavyojua. Wanakaa ofisini, wanaangalia karatasi, wanasema tokeni. Na sisi tunatoka.” Sauti yake ilibadilika. “Tunabeba na mama zetu.”

Angèle aliacha kupepea. Hilo halikuwa linasemwa katika nyumba ile. Baada ya Buhene kuungua walikuwa wamehifadhiwa Majengo, wao, watoto na mama mzazi wa Kamate, mama Kyakimwa, manjanja yamelundikwa uani. Ilipotoka amri ya kuondoka Goma, mama Kyakimwa aligoma. Alisema mlima umeshakula umeshiba, na yeye anabaki kulinda manjanja. Kamate alimshika mkono akamtoa nje kwa nguvu. Walitembea na mji mzima mpaka Sake, wakalala kwenye sakafu ya darasa, maji machafu, na mama Kyakimwa akashikwa na tumbo akafa kule kule. Mlima haukupasuka. Walipotoka kumzika na kurudi Majengo, manjanja yalikuwa uani vile vile, hakuna aliyeyagusa.

“Pole, papa,” Angèle alisema.

“Niache na pole. Nipe chakula.”

*

Kesho yake Angèle aliuza sambaza haraka haraka, akaacha bakuli kwa mwenzake, akaenda kumtafuta Janvier. Alimkuta nyuma ya parokia, amepiga magoti mbele ya kopo refu la plastiki lililofungwa kwenye mti wa kupimia.

“Mama, karibu. Kama ni kwa kunitukana, tafadhali ngoja nisome mvua kwanza.”

“Nani akutukane? Nataka kujua. Hicho ni nini?”

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Janvier akasahau aibu ya jana. Akamwonyesha mistari ya kopo, akamweleza kwamba kila asubuhi anasoma, wengine wanasoma kule Kiwanja, wengine Vitshumbi kule ziwani, na hesabu zote zinakutana mahali pamoja na zile za joto la bahari za mbali sana.

“Bahari inahusika nini na Katoyi?”

“Mvua yetu nyingine inatoka kule, mama.”

“Yote hiyo njia?” Angèle alitazama kopo kwa heshima. “Sawa. Na upepo? Uko na uhakika?”

Janvier akajikuna kichwa. “Uhakika hapana. Ni soixante pour cent.”

“Nisemee kwa vidole.”

“Ukiwa na miezi kumi inayofanana na huu, sita itakuwa na upepo mbaya. Minne hapana.”

Angèle alikaa juu ya jiwe. Alihesabu vidole vyake, akakunja vinne, akatazama sita vilivyobaki.

“Na kwa nini jana hukusema hivyo?”

“Nilianza zamani kusema hivyo, mama. Kule Kiwanja nilisema soixante pour cent, mzee mmoja akaniuliza: unajua ao haujui? Nikasema yote mawili. Wakanifukuza.” Akacheka, lakini si sana. “Chef wangu, mukubwa wa kazi, akasema, waambie watu kitu cha kufanya, basi. Hesabu baki nayo.”

“Na ile ya mwaka wa 2050?”

“Ile ni kitu kingine. Siwezi kukuambia siku fulani ya mwaka ule itanyesha. Naweza kukuambia vidole vitaongezeka. Vile sita vitakuwa saba, labda nane.”

“Labda?”

“Labda, mama.”

Angèle akafurahi. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa: neno hilo “labda” lilimpendeza kuliko karatasi yote ya jana. Alirudi nyumbani na vidole sita mkononi kama mtu aliyepewa mbegu.

*

“Sita kwa kumi?” Kamate alikuwa anapiga randa ubao nje ya nyumba. “Hiyo ni nini? Mimi mutu akiniuliza paa litavuja ao halivuji, nimujibu sita kwa kumi? Atanilipa sita kwa kumi?”

“Lakini si uongo, papa. Jana ulisema wanadanganya.”

“Na minne?”

“Minne hakuna upepo.”

“Basi ukija ana haki, usipokuja ana haki. Kazi nzuri kweli! Nami niitafute.”

Jambo lenyewe Angèle alikuwa ametoka nalo parokia. Mtu ambaye hawezi kukosea unamjuaje kama anajua? Alikuwa bado analitafuna wakati Léocadie alipoingia uani, kitenge kimefungwa vibaya, mtoto mgongoni.

“Papa Kamate, nisamehe juu ya kicheko cha jana. Nimekuja kukuomba. Manjanja yangu, uyapige mpaka mwisho. Kile chumba ndimo watoto wote wamelala.”

Kamate hakuinua kichwa. “Nani alikutuma? Huyu?”

“Hakuna aliyenituma. Minaogopa tu.”

“Mama Léocadie, misumari yako niliipiga mimi. Nikiipiga mara ya pili, Katoyi yote itasema Papa Nusu amefundishwa kazi na mutoto mwenye kopo la plastiki. Weka mawe juu kama unaogopa.”

“Mawe si yatatuangukia?”

“Basi ita fundi mwingine.”

Alijua kwamba hakuna fundi mwingine ambaye angegusa kazi yake, na Léocadie naye alijua. Mwanamke akabaki amesimama kidogo, akamrekebisha mtoto mgongoni, akasema aksanti, ingawa hakuwa amepewa kitu. Angèle aliona aibu ile ikivuka ua mpaka mlango wa pili. Hasira ikampanda.

“Umemufanya nini mutu wa watu?”

“Nimemulinda na mulima,” Kamate alisema, akaendelea na randa.

*

Siku iliyofuata Kamate alikuwa na kazi mtaa wa Himbi. Jua lilipokuwa katikati, watu wa barabara ile wakaona kitu ambacho hawajawahi kuona: mke wa fundi juu ya paa la nyumba yake, kitenge kimekazwa juu ya suruali ya mumewe, nyundo mkononi. Léocadie alikuwa ameshika ngazi, anaomba Mungu kwa sauti.

“Wee mama! Papa Nusu amekufa?” mwendesha pikipiki mmoja akapiga kelele.

“Yuko kazini! Pita!”

“Shuka, utatuonyesha mambo!”

Angèle hakushuka. Alipiga moja, mbili, tatu, mpaka sita, kila msumari ukazama mpaka kofia ikabusu bati. Halafu akaruka minne, akaiacha imesimama kama mumewe alivyoiacha. Akaanza tena. Sita, akaruka minne. Watu wakaongezeka. Mwingine akawa anahesabu pamoja naye kwa sauti kama darasani, na alipofika sita umati wote ukaitikia: “Ruka!”

Kamate alirudi mapema. Alisimama nyuma ya umati, sanduku la kazi begani, na mtu wa kwanza aliyemwona akanyamaza, kisha wa pili, mpaka ikawa kimya na nyundo tu. Angèle akageuka. Nyundo hakuiachia.

“Kwa nini umeacha hii?” Kamate akauliza. Alikuwa anaonyesha misumari iliyosimama.

“Sita ni ya upepo. Minne ni ya mulima.”

Fundi alitazama paa lake, paa la Buhene, ambalo sasa lilikuwa si lake wala si la Janvier. Alitaka kukasirika. Alitafuta hasira kila mahali akaikosa, na kicheko kikamtoka puani.

“Mwanamuke,” alisema, “hesabu haipigwi nyundo.”

Umati ukalipuka. Toka siku ile mtaa ukasema Papa Nusu ameoa Mama Sita, na watoto wa shule waliimba wakipita, na Léocadie, aliyekuwa anangoja zamu ya paa lake, akaogopa kuchekwa, akarudisha ngazi. Kamate aliumia. Kwenye kazi moja tajiri aliyekuwa anamjengea duka alimuuliza mbele ya vibarua kama atamletea na mke wake aangalie misumari. Alijibu kwa kicheko. Lakini nyumbani hakupanda juu kuing'oa ile sita, ingawa ingemchukua muda mfupi tu, na Angèle aliliona hilo akalihifadhi.

*

Wiki ikapita, nyingine ikafuata. Mvua ilinyesha ya kawaida, upepo wa kawaida. Janvier alipopita Katoyi watoto walipuliza midomo, fuuu, fuuu, na wakubwa hawakuwakataza. Léocadie mwenyewe alikuja kumwambia Kamate kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na kwamba woga ni ugonjwa. Kamate akamjibu kwa wema, akampa hata mabaki ya mbao za kuni.

Mchana mmoja mbingu ikawa nyeusi upande wa ziwa. Upepo haukuja kwanza kidogo, ulikuja wote. Angèle alikuwa ndani na watoto. Alisikia paa likipumua juu yao, likiinuka na kushuka, bati la pembeni likipiga filimbi pale palipokuwa na misumari minne, na akawasukuma watoto chini ya meza akalala juu yao. Kelele kutoka mlango wa pili ilikuwa kubwa kuliko kelele zote. Halafu mvua.

Ilipotulia, paa la Angèle lilikuwa limebaki, pembe moja imekunjika. Paa la Léocadie halikuwepo. Manjanja yake yalikuwa yametawanyika mpaka barabara kubwa, moja limenasa kwenye waya za umeme, na katika kile chumba watoto walikuwa wamesimama ndani ya maji wakilia, wazima wote, asifiwe Mungu. Léocadie alikuwa amekatwa mkono na bati lilipokuwa linaondoka. Damu ilichuruzika mpaka kwenye vidole.

Kamate alikuja mbio kutoka kazini. Aliokota manjanja moja baada ya jingine matopeni, akayaegemeza ukutani. Kwenye kila tundu kipande cha kandambili kilikuwa bado kinaning'inia, safi, kazi nzuri. Léocadie alikuwa amekaa juu ya ndoo, Angèle anamfunga mkono kwa kitambaa.

“Nilikuomba, papa Kamate,” alisema. Hakupaza sauti. “Nilikuja kwako, nikakuomba.”

Uso wa Kamate ulishuka. Akainama kuokota bati jingine.

Mtaa ulibishana mpaka giza. Wengine walisema kijana wa kopo ni nabii. Onésime, mwenye duka la sabuni, akawaonyesha paa lake: la Papa Nusu, misumari yote nusu, halikutikisika. Na nyumba ya kona, iliyopigwa misumari mpaka mwisho na fundi wa mjini, ilikuwa imepoteza manjanja pamoja na miti yake. Sasa nani alikuwa sahihi? Angèle alizunguka akitazama nyumba moja moja, mikono nyuma, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyozidi kutoelewa, na kutoelewa huko hakukumchosha.

*

Asubuhi Kamate alivaa koti akatoka bila kunywa chai. Onésime alimwona anaelekea parokia na nyundo mfukoni, akasema leo kijana atajuta. Janvier alikuwa anamwaga maji ya kopo lake. Alipoona nani anakuja, alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

“Papa, kama ni mambo ya upepo...”

“Sikuja juu ya upepo.”

Kamate alikaa juu ya jiwe lile lile alilokuwa amekalia mkewe. Mabomu yalikuwa yanapiga kule Sake, na kila yalipopiga alifumba macho, maana huko ndiko mama yake alikolala, na tangu vita vifike hakuna aliyeweza kwenda hata kung'oa majani juu ya kaburi.

“Ile siku walipotuambia tutoke Goma,” alisema. “Moto uko chini ya ziwa. Kwa kumi, ilikuwa ngapi?”

“Papa, mimi ni wa mvua, si wa mulima.”

“Najua. Nakuuliza hivyo hivyo. Ilikuwa ngapi?”

Janvier angeweza kusema sita. Angeweza kusema tano, na mtu huyu angeinuka akaenda. Alitazama kopo, akatazama mlima.

“Sijui, papa. Na siamini kama wenyewe walijua. Mtu anaweza kusikia kitu kinatembea chini ya nyumba asijue kama kitatoka.”

“Basi kwa nini walisema kama wanajua?”

“Kwa sababu ukisema sijui, watu hawatoki.”

Kamate alitikisa kichwa polepole. “Mama yangu hakutaka kutoka. Nilimuvuta hapa.” Alishika kifundo cha mkono wake mwenyewe, akakaza. “Alisema unaniumiza. Nikamwambia, wewe unajua kuliko batu wenye mamashini? Nilimwambia hivyo, Janvier. Akafa Sake.”

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kijana alikaa chini, kwenye majani yenye maji, shati lake zuri na yote.

“Wangu pia hakutaka,” alisema. “Nilimubeba mgongoni mpaka Mugunga. Ananipiga ngumi njia nzima.”

“Alikufa?”

“Hapana. Yuko nyumbani. Mpaka leo ananitukana.”

Kamate alicheka katikati ya machozi, kicheko kibaya, kilichouma. “Ungejua ni moja tu kwa kumi, ungemubeba?”

Janvier alifikiri. Alifikiri kweli, na Kamate alimwona anafikiri.

“Ningemubeba, papa. Lakini sijui kama ningefanya vizuri.”

*

Angèle alimkuta mumewe juu ya nyumba ya Léocadie. Alikuwa amesharudisha manjanja karibu yote, misumari mdomoni, anapiga. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyekuja kucheka. Léocadie alisimama chini na mkono wake uliofungwa.

“Nikupigie ngapi, mama?” Kamate aliuliza kutoka juu.

“Yote, papa. Mpaka mwisho.”

“Na mulima?”

“Mulima nitajua mwenyewe.”

Kamate akapiga yote. Angèle alimtazama akingoja, anaruka kwa mguu mmoja na mwingine kama mtoto, mpaka akashindwa kuvumilia.

“Umetoka kwa Janvier. Onésime amekuona. Ulimuuliza nini?”

“Juu ya mama.”

Angèle aliacha kucheza miguu. Akashika ngazi kwa mikono miwili.

“Na akasemaje? Ilikuwa ngapi?”

Kamate alitoa msumari wa mwisho mdomoni, akautazama.

“Alisema hajui,” alisema. “Na nimemuamini.”